Kwa nini bendi kali za thrashi metali hazisikiki: ushauri kwa wapigaji wa Mbeya

Vijana wanaopiga thrashi metali, ile roki nzito ya magitaa inayokwenda kasi, hapa Mbeya huniuliza mara kwa mara: mbona kuna bendi zinazopiga kuliko hata wakubwa, na hazijulikani? Naamini tatizo mara nyingi liko katikati ya mpigaji na sikio la msikilizaji. Hapo katikati kuna rekodi, kuna spika, na kuna mtu wa kuibeba kazi.

Chukueni bendi ya Exodus wa California. Mpiga gitaa Kirk Hammett alikuwa mwanzilishi mwenza kabla ya kujiunga na Metallica, bendi maarufu kuliko zote za aina hii, mwaka 1983. Exodus walirekodi albamu yao ya kwanza, Bonded by Blood, mwaka 1984, ikacheleweshwa hadi 1985. Kufikia hapo Metallica walishatoa albamu mbili. Kwangu mimi Bonded by Blood haizidiwi na albamu yoyote ya miaka ile, lakini wakitajwa wakubwa wanne wa thrashi, yaani Metallica, Megadeth, Slayer na Anthrax, Exodus hawamo. Kwa hiyo mkiwa na nyimbo tatu zilizoiva, zitoeni. Msisubiri zifike kumi.

Kwetu huku, kinachoniuma zaidi ni sauti ya ukumbini. Mitambo mingi imepangwa kwa msanii anayeimba juu ya muziki uliorekodiwa: besi inatikisa kuta, sauti ya mwimbaji iko juu kabisa. Mkipandisha magitaa mawili yenye mkwaruzo mzito, ule unaowekwa makusudi kwenye sauti ya gitaa la umeme, na dramu za kasi, vyote vinakuwa mvumo mmoja. Aliyelipa kiingilio anaondoka akiamini hamjui kupiga, kumbe vidole havikukosea hata kidogo.

Nilipiga gitaa la kwaya kabla ya kuingia kwenye metali, na fundi mitambo wa kanisani ndiye aliyenifundisha dawa yake. Punguza mkwaruzo mpaka uone umepungua mno. Kata besi kwenye gitaa lako, mwachie mpiga besi nafasi yake, kisha ongeza sauti za kati, zile zilizo baina ya besi na sauti kali za juu. Chumbani gitaa litasikika jembamba. Ukumbini kila pigo litasikika. Fikeni mapema mjaribu mitambo, mkamwamkie fundi vizuri, mumsikilizishe kwenye simu wimbo mmoja wa aina yenu. Fundi anayejua mnachotafuta ni sawa na mwanabendi wa ziada.

Kuhusu kuwa mbali na Dar es Salaam, sioni kama ni sababu ya kukata tamaa. Bendi ya Sepultura wametoka Belo Horizonte nchini Brazil, si Rio wala São Paulo. Mwaka 1985 walitoa santuri kupitia Cogumelo, kampuni ndogo ya mjini kwao: upande mmoja wao, upande mwingine bendi ya Overdose. Mji mmoja, santuri moja! Lakini Max Cavalera, mwimbaji wa Sepultura, alisafiri mwenyewe hadi New York kugawa kanda za bendi yake, na mwaka 1989 albamu yao Beneath the Remains ikatolewa na Roadrunner, kampuni ya rekodi ya kimataifa. Overdose, ambao walikuwa wapigaji wazuri sana, wanakumbukwa na wachache.

Chagueni mmoja wenu mwenye mdomo na uvumilivu, hata kama si mpigaji bora, kazi yake iwe kupeleka nyimbo redioni, vyuoni na kwa wapigaji wa Iringa na Njombe. Akipata tarehe ya onyesho kokote, changeni nauli.