Nikimuuliza ada ya shule anavaa viatu anatoka

SWALI: Shangazi, salamu sana. Niko Arua, nimeolewa miaka 9, watoto watatu. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Juba, anaweza kukaa huko wiki mbili. Akifika tu namuuliza ada ya shule maana najua kesho kutwa anaondoka tena, lakini yeye kimya, nikizidi kuuliza anavaa viatu anaenda kuangalia mpira, anarudi sisi tumelala. Naona hanipendi tena. Na kale kadogo ka miaka 4 kametushinda, kakilia dukani lazima kapewe biskuti. Kwao wananiambia nivumilie tu. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana mwanangu. Hiyo ya kuvumilia peke yako siikubali, maana hili jambo mnalitengeneza wawili. Wewe unapandisha sauti kwa sababu ananyamaza, na yeye ananyamaza kwa sababu umepandisha sauti. Andrew Christensen wa Marekani amechunguza miaka mingi wanandoa wa namna hii, mmoja anadai, mwingine anakimbia.

Sasa angalia kile kinachokuja baada ya kila kitendo. Akitoka nje kelele zinaisha, anapata nafuu, kwa hiyo kesho atatoka tena. Na wewe nadhani siku moja ulipiga kelele sana akatupa elfu hamsini mezani, basi ukajifunza kwamba bila kelele hakuna pesa. Ndiyo biskuti ileile! Mtoto analia, unampa, ananyamaza, yeye amefundishwa kulia na wewe umefundishwa kutoa. Mtafiti Gerald Patterson, kule Oregon, Marekani, aliingia majumbani mwa watu kuangalia mambo haya haya, na akaona wazazi ndio wa kufundishwa kwanza.

Kwa mtoto, mwambie kabla hamjaingia dukani kwamba leo hakuna biskuti, akilia usimpe, akitulia msifu hapo hapo. Siku za mwanzo atalia zaidi ya zamani, ukishindwa siku ya tatu ukampa umemfundisha kulia kwa muda mrefu, na baba yake pia ashike hivyo hivyo.

Kuhusu "hanipendi", hayo ni mawazo yako, yeye hajayasema. Daktari wa magonjwa ya akili Aaron Beck alipowageukia wanandoa miaka ya 1980 aliwataka wayapime mawazo kama hayo kabla ya kuyaamini. Labda tajiri wake hajamlipa na anaona aibu kusema, labda amekaa mpakani siku tatu bila kulala. Muulize kwa upole, usimhukumu.

Halafu kila mmoja aandike vitu vidogo anavyotaka kutoka kwa mwenzake, vitu vya kuonekana kwa macho. Richard Stuart alianza kufanya kazi hivi na wanandoa mwaka 1969. Usiandike "anijali", andika "anipigie simu akifika Juba". Na yeye aandike vyake, labda ni kuoga na kula kwanza kabla ya habari za pesa, na kwa kweli hiyo ni haki yake. Akifanya, mshukuru, hata kama unaona ni wajibu wake.

Usitegemee abadilike mwili mzima. Neil Jacobson alifundisha wanandoa mazoezi haya miaka mingi, baadaye yeye na Christensen wakaona kuna tabia hazibadiliki, lazima watu wajifunze kuzipokea. Mumeo anaweza kubaki mtu wa maneno machache.

Lakini kama anakupiga au unamwogopa, acha haya yote, usikae naye kujadiliana. Sheria ya Uganda ya mwaka 2010 ya ukatili wa nyumbani inakuruhusu kwenda kwa LC (baraza la mtaa au kijiji) au polisi.

Kama hakupigi wala humwogopi, basi safari hii akikupigia kwamba anakuja, usitaje ada kwenye simu. Mpokee, ale, alale. Kesho yake baada ya chai kaeni nusu saa, ada tu, mambo ya mama mkwe yasubiri.