Madogo mnaotafsiri maharamia, sehemu ya pili si ya kuanzia

Wiki iliyopita nilikaa benchi la nyuma kwenye banda moja la video, namsikiliza dogo akitafsiri kwa maiki sehemu ya pili ya Pirates of the Caribbean. Sauti anayo, tena nzito, ya kuwafanya watu waache kutafuna karanga. Spidi anayo. Ikafika ile sekunde ya mwisho kabisa, buti zinashuka ngazi nyumbani kwa yule mganga Tia Dalma, moja baada ya nyingine, na dogo akasema kwenye maiki: "Hapo anatokea mzee mmoja hivi, anakula tunda."

Mzee mmoja hivi! Nilitamani nichomoe waya wa spika. Sikuchomoa, kwa sababu mkanda huohuo mimi niliwahi kuuharibu vibaya kuliko yeye. Basi kaeni hapa niwaambie.

1. Tazama ya kwanza. Usiniambie uliiona ukiwa mdogo. Itazame wiki hiyohiyo unayoingiza sauti ya pili, ukiwa na karatasi.

Ya 2003 inajitosheleza. Kuna dhahabu ya Waazteki vipande 882, kuna laana, kuna mwezi unaowaanika maharamia wakiwa mifupa mitupu, laana inavunjwa, adui Barbossa anakufa, haramia wetu Jack Sparrow anaondoka na meli yake, watu wanakwenda nyumbani wameshiba. Ya 2006 haijitoshelezi kokote. Kwa nyuma imeegemea ya kwanza, kwa mbele inaisubiri ya tatu, maana mwongozaji Gore Verbinski alizipiga hizo mbili kwa pamoja. Hata kisa chenyewe ni cha mkopo: Davy Jones, yule nahodha mwenye uso wa pweza, alimwibulia Jack meli kutoka chini ya bahari, akampa miaka 13 ya ukapteni, muda umekwisha, anadai roho yake. Filamu nzima iko hivyo, vingi inavyovitumia imevikopa kwenye ile ya kwanza. Asiyejua kilichokopwa hawezi kuitafsiri.

Mfano ni ile dira ya Jack. Kwenye ya kwanza haionyeshi kaskazini, na wengi wenu mnakimbilia kusema "dira mbovu", watu wanacheka, mnasonga. Sasa sehemu ya pili inakuja kusema haikuwa mbovu hata siku moja, inaonyesha kile moyo wako unachokitaka kuliko vyote. Hapo utasemaje? Umeshawaambia watu mbovu! Ungesema tu "haionyeshi kaskazini" ungekuwa salama miaka mitatu baadaye.

2. Jina la muvi usilitafsiri kabla hujaimaliza muvi.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Wakati huo mabanda yamejaa, kiingilio shilingi 200, na mimi ndiyo kwanza nimeachiwa maiki na kaka aliyenifundisha kazi. Ilikuwa laivu, si mambo yenu ya kurekodi chumbani na kufuta mkikosea. Ukisema umesema. Diski niliipata jioni, onyesho saa mbili usiku, nikaiangalia robo saa tu kwa sababu jenereta ilikuwa inasumbua. Nikaona Dead Man's Chest. Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, na darasa la saba tulifundishwa viungo vya mwili. Nikafungua maiki, nikashusha sauti mpaka tumboni: "KIFUA CHA MTU ALIYEKUFA!"

Banda likapiga mbinja. Nikajiona Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi.

Kumbe chest kwa Kiingereza ni kifua na ni sanduku pia, na ukishaanza na kifua huwezi kurudi nyuma. Yule bwana mkubwa Beckett anamwambia Elizabeth kwamba kwenye maji haya masanduku ya thamani si moja tu. Mimi nikasema vifua vya thamani si kimoja tu. Kwa binti wa gavana, usiku, wako wawili tu chumbani! Kicheko kilichotoka hapo nilidhani cha kunipongeza, nikarudia. Tukafika kwa Tia Dalma, taa hafifu, vitu vinaning'inia, mganga mwenyewe kabisa, nikanenepa. Anaeleza kwamba Davy Jones alishindwa kustahimili maumivu ya mapenzi, akaung'oa moyo wake, akaufungia sandukuni, ufunguo anatembea nao. Nikatafsiri kwa uchungu: "Akauchukua moyo wake... akaufungia kifuani!"

Kimya. Halafu kutoka benchi la pili, fundi baiskeli mmoja: "Na mimi wangu uko hapohapo."

Nikamjibu kwenye maiki, "Cha kwake kina kufuli." Nikaendelea. Nilishatunga hadithi kamili: mganga kamfunga Jones kifua, ndiyo maana amekuwa pweza, Jack anatafuta ufunguo amfungue. Nawaambieni ilikuwa inakwenda. Watu wengine walishaanza kumwonea huruma. Kisha wakafika kisiwa cha Isla Cruces, wakachimba mchangani, likatoka sanduku. Ndani yake barua na sanduku jingine dogo. Jack, Elizabeth na Norrington, yule ofisa aliyepoteza cheo, wanatega sikio, na ndani ya chuma mnasikika dunda... dunda. Sikuwa na neno. Fundi baiskeli alikuwa nalo: "Kumbe kifua chenyewe sanduku!"

Kilichoniuma si kicheko. Kilichoniuma ni kaka yangu yule, aliyekuwa amesimama mlangoni anakusanya pesa. Ya kwanza aliitafsiri yeye, mimi nikiwa msaidizi wa jenereta mita mbili kutoka kwake, na zile dhahabu 882 zilikuwa ndani ya neno lilelile. Yeye alisema "sanduku la mawe". Nililisikia kila usiku alipoirudia. Lilikuwa sikioni mwangu na sikwenda kulichukua. Tena angalieni nilichopoteza: Waingereza wenyewe wanacheza na neno hilo, moyo umetolewa kwenye kifua kimoja umetiwa kwenye kingine. Ningekuwa nimetulia ningesema tu, "Moyo umehama kifuani, umehamia sandukuni," na banda lingelia. Badala yake niliitwa DJ Kifua mpaka Krismasi.

3. Usikose "Kapteni" mbele ya Jack Sparrow, kwani yeye mwenyewe hulidai kila mara.

4. Anapoingia Jack, funga mdomo. Ya kwanza anaingia bandarini amesimama kileleni mwa mlingoti kama mfalme, kumbe ngalawa inazama, na anakanyaga gati sekunde ileile inapomalizika kuzama. Ya pili anatokea ndani ya jeneza linaloelea baharini, anapiga kasia kwa mfupa wa mguu wa mwenye jeneza. Ukiweka neno hapo umemwagia chai maji. Tofauti ya filamu zote mbili imo humo humo: ya kwanza inatabasamu, ya pili inapiga kelele ili uangalie.

Ndiyo maana kwangu ya kwanza inabaki mbele, ingawa ya pili ilivuka dola bilioni 1 na ya kwanza iliishia kwenye milioni mia sita na kitu. Kile kisiwa cha wala watu cha sehemu ya pili ukikiondoa chote hakuna kinachopungua. Mimi nilikijaza vichekesho vyangu vya kishenzi, baadaye nikajua Wakalinago wa Dominica, ambako filamu ilipigwa, waliulalamikia uongo huo wa kwamba wazee wao walikula watu. Kipite haraka.

5. Davy Jones msimguse. Hapa ya pili inaipita ya kwanza, nakubali bila ubishi. Barbossa alikuwa adui mtamu, ila Jones ana minyiri ya pweza badala ya ndevu, gando la kaa badala ya mkono, anapiga kinanda kwa hiyo minyiri na machozi yanamtoka. Nilitangaza kwa kujiamini kwamba wamembandika plastiki saa nane kwa siku. Hakuna plastiki. Mwigizaji Bill Nighy alivaa nguo ya kijivu yenye vidotidoti, uso wote ukatengenezwa kwa kompyuta, macho na yote, na wakachukua Oscar kwa kazi hiyo. Usitangaze usichokijua. Mwachie alie.

6. Panga zikianza, sema kila mtu anataka nini. Ya kwanza, pale kwa mhunzi, ni Jack na Will, mpenzi wa Elizabeth, kazi rahisi. Ya pili wako watatu juu ya gurudumu linalobingirika, na dogo wiki iliyopita alikuwa anasema "paa! chukua! paa!" dakika nzima. Sema: Will anataka moyo amkomboe baba yake, Norrington anataka kuuuza arudishiwe cheo, Jack anataka deni lake lifutwe. Sentensi tatu. Halafu piga "paa" zako.

7. Ule mwisho. Mnajua sheria ya banda, steringi hafi. Sasa steringi amefungwa mlingotini na mwanamke aliyembusu, na lile dubwana la baharini la Jones linammeza na meli yake. Usiku wangu watu walisimama, wawili wakadai mia mbili zao, fundi baiskeli akauliza kama na hii ni kifua. Nilikuwa nimelowa jasho, maiki inateleza mkononi.

Ndipo buti zikaanza kushuka ngazi. Kwenye ya kwanza, Barbossa anahangaika aonje tufaha na laana haimruhusu. Laana inapovunjika risasi imeshamwingia, anaanguka, na tufaha la kijani linabingirika kutoka mkononi mwake. Sasa anashuka, anatokeza uso, analing'ata. Nilivuta pumzi nimtaje, na mtoto anayeuza karanga mlangoni akaniwahi: "Yule wa epo!" Banda zima likapanda juu ya mabenchi.

Nikazima maiki. Dogo, banda lako wiki iliyopita lilibaki limekaa.