Cheti pekee hakitoshi kuthibitisha vazi la tamthilia

Ndugu, umeuliza iwapo cheti kinatosha kukuhakikishia kwamba koti unalolitaka kwenye mnada wa mtandaoni lilivaliwa kweli katika tamthilia ya televisheni. Hakitoshi, kwa kuwa cheti hakina uzito zaidi ya uaminifu wa aliyekitoa. Omba picha za karibu za mishono, vifungo na lebo ya ndani, kisha uzilinganishe na vipindi vyenyewe, hasa pale ambapo mistari ya kitambaa inakutana begani, kwani mpangilio huo hutofautiana hata kwa makoti mawili yaliyoshonwa na fundi mmoja. Kuhusu dau, weka kikomo chako mapema, ukijumlisha usafirishaji, ushuru wa forodha na ada ya mnunuzi, yaani malipo ambayo mnada humtoza mshindi juu ya dau lake, ambayo katika minada mingi hufikia asilimia 20 ya dau hilo au zaidi.