Kato na "dawa ya saratani": haidroksiyurea inafanya nini kwenye damu ya sikoseli?

SWALI: Mimi ni askari, naishi na familia kambini hapa Jinja. Tuna pacha wa miaka 3. Wasswa alipimwa akaonekana AS (ana jeni moja ya sikoseli, S, na moja ya kawaida, A), Kato ni SS (zote mbili ni za sikoseli, ndiye mgonjwa). Kliniki wamempa Kato haidroksiyurea, lakini mwenye duka la dawa alipoiona akasema hiyo ni dawa ya saratani, na mama yao sasa hataki kumpa. Mimi nauliza hivi: kama ugonjwa uko kwenye jeni, kidonge kinaufikiaje? Na ni kweli ng'ambo wanakata jeni yenyewe? – Ssalongo

JIBU: Ssalongo, mwenye duka hakukudanganya. Haidroksiyurea ni dawa ya zamani ya saratani za damu, na huko bado inatumika. Ila alikupa nusu ya habari. Mimi ni mtu wa maabara, siandikii mtu dawa. Nitakueleza kinachotokea ndani ya damu, na mambo ya dozi tumwachie daktari wa Kato.

Kosa lenyewe ni dogo mno. Himoglobini, ile inayobeba oksijeni, ina minyororo 4: miwili ya alfa, miwili ya beta. Kwenye jeni ya beta (jeni, si jini, nimeshaulizwa hilo) herufi moja tu ya DNA imebadilika, mahali pa A pamekaa T. Basi kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo, kipande kiitwacho asidi ya glutamiki, kinachopenda maji, kimetoka, kikaingia kiitwacho valini, kinachoyakimbia. Himoglobini ikiwa na oksijeni, hakuna tabu. Ikishaiachia oksijeni mwilini, ile valini hujificha kwenye kishimo cha himoglobini jirani, jirani naye hushikwa na mwingine, na mwingine, hadi seli inajaa nyuzi ngumu zinazoipinda kama mundu. Seli za namna hiyo hukwama kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo mtoto analia mifupa usiku kucha.

Sasa kumbuka Kato alivyokuwa mchanga. Jeni ile alikuwa nayo tangu tumboni, lakini watoto wa SS kwa kawaida huanza kuumwa baada ya miezi kadhaa. Sababu ni kwamba mtoto huzaliwa na himoglobini nyingine, ya tumboni, ambayo badala ya beta ina mnyororo uitwao gama. Gama haina kosa hilo, tena haikubali kuunganika kwenye zile nyuzi; ikijichanganya katikati yao, uzi haurefuki. Baada ya kuzaliwa mwili huilaza gama, beta ikashika zamu, na kinga ile ikaisha taratibu. Jeni ya gama haikufutwa. Imelala tu.

Haidroksiyurea inaiamsha. Inazuia kimeng'enya kinachotengeneza malighafi ya DNA, na ndivyo inavyozibana seli za saratani zinazogawanyika ovyo. Kwa dozi ya sikoseli, uboho (kiwanda cha damu ndani ya mifupa) unabanwa kidogo tu, kisha unaharakisha kutoa seli nyekundu kutoka kwa seli changa ambazo bado hazijaisahau gama. Kwa hiyo kidonge hakiligusi kosa. Ile T iko palepale. Ndiyo maana dawa ni ya kila siku, na ukiikatiza gama inarudi kulala.

Nnalongo, mama yao, akihofia kwamba haya ni majaribio ya Wazungu, mwambie imepimwa hapahapa. Hofu kubwa ya wataalamu ilikuwa malaria: huenda dawa ingeizidisha. Katika utafiti uliofanyika hospitali ya Mulago, Kampala, kwa watoto 207, matokeo yakachapishwa 2017, malaria haikuongezeka kwa waliotumia dawa, na mashambulizi ya maumivu yalipungua. Utafiti uliofuata, wa 2020, hapahapa Uganda, ulilinganisha dozi ya karibu miligramu 20 kwa kila kilo ya mtoto na dozi iliyopandishwa taratibu hadi karibu 30. Iliyopandishwa ilifanya vizuri zaidi, hata utafiti ukasimamishwa kabla ya muda wake. Dozi inapandishwa na kliniki kwa kufuata vipimo, si nyumbani kwa kukadiria, maana ikizidi hushusha chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu).

Kuhusu Wasswa: Kato kuwa SS maana yake alichukua S moja kwako na moja kwa mama yake, kwa hiyo ndugu wasimwangushie Nnalongo peke yake. Pacha wasiofanana kila mmoja huchota bahati yake. Tena AS ya Wasswa ina faida. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison alichapisha vipimo vya watoto wa Kiganda wa maeneo ya Kampala: wenye S walikuwa 43, na 12 kati yao walikutwa na vimelea vya malaria, wasio na S walikuwa 247, waliokutwa navyo 113. Lakini Kato asihesabiwe humo. Kwa mtoto wa SS malaria ni hatari kubwa, kwa hiyo chandarua na dawa za kinga alizoandikiwa haziachwi, na akipata homa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Hiyo ya kukata jeni ni kweli. Tiba ya kwanza ya namna hiyo, Casgevy, iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba hata mkasi huo haurekebishi ile T! Unakata sehemu ya jeni iitwayo BCL11A, yaani swichi inayoilaza gama, ili gama ibaki macho. Njia ni ileile ya kidonge, ila yenye nguvu zaidi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kabla ya mgonjwa kurudishiwa seli zake zilizokatwa jeni maabara, lazima uboho wa zamani uuawe kwa busulfani, ambayo nayo ni dawa ya saratani, na kali kuliko hii anayoiogopa Nnalongo.

Nendeni kliniki wote wawili. Ombeni karatasi ya hesabu ya damu ya siku dawa ilipoanza na ya miezi michache baadaye, mtazame mstari wa MCV, ukubwa wa seli nyekundu. Dawa ikifanya kazi, namba hiyo kwa kawaida hupanda. Isipopanda, swali la kwanza mtakaloulizwa ni vidonge vingapi vimebaki kwenye chupa.