Alimlilia Mchezaji Asiyewahi Kumwona, Nami Nikacheka

SWALI: Ndugu Mshauri, kifungua mimba wangu ni muuguzi San Francisco, Marekani. Mwezi Juni 2024 alinipigia simu alfajiri akilia, nami nikadhani amefiwa na mtoto. Kumbe alikuwa akimlilia Willie Mays, mchezaji wa besiboli aliyefariki akiwa na miaka 93, na ambaye alistaafu mwaka 1973, kabla mwanangu hajazaliwa. Nilicheka, nikamwambia kuwa mzee huyo amekula chumvi ya kutosha. Akakata simu. Tangu hapo hutusalimu na kuulizia afya ya mama yake, lakini mazungumzo yetu yamebaki ya juujuu. Nilikosea wapi, na nitayatengenezaje?
Mzazi, Kakamega

JIBU: Mzee wetu, kuhusu chumvi hukukosea. Hata huko kwao hakuna aliyedai kwamba Mays amekatizwa safari. Lakini wewe na mimi tumeketi katika matanga ya wazee wa umri huo, tukasikia isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, ikipigwa hadi kucha, na bado tukawaona watu wazima wakijifuta machozi pembeni. Umri mkubwa huondoa uchungu wa kushtukiza tu. Pengo hubaki palepale.

Pengo la Mays katika mji anaoishi mwanao si dogo. Timu yake, Giants, ilihamia San Francisco kutoka New York mwaka 1958, naye akahama nayo. Nje ya uwanja wao imesimama sanamu yake, na hapo mbele imepandwa miti 24 ya jamii ya mitende, kwa kuwa 24 ndiyo iliyokuwa namba ya jezi yake. Mgeni anayefika pale hulikuta jina la Mays mlangoni kabla hajauona mpira wenyewe.

Kisha kuna masimulizi. Katika kazi yake yote Mays aliupiga mpira ukavuka uzio mara 660 katika mechi za ligi, lakini mashabiki wakikaa kumzungumzia, mara nyingi huanzia tarehe 29 Septemba 1954, siku ya mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Cleveland. Matokeo yalikuwa sare, wapinzani walikuwa na wakimbiaji wawili waliokwisha kufika vituoni, tayari kukimbia na kupata alama, na mpira ukapigwa mbali kupita kichwa chake. Mays aliupa uwanja mgongo, akakimbia kuelekea ukutani, akaudaka ukishuka juu ya bega lake pasipo kugeuka, kisha akazunguka na kuurusha kwa nguvu iliyomwangusha kofia. Waliolishuhudia tukio hilo uwanjani wengi wao wamekwisha kufa. Linaishi kwa kusimuliwa na katika picha za zamani.

Sasa nikuulize, mzee wangu: vijana wa Kakamega na Vihiga wanaotamka "Kadenge na mpira" walimwona mwanasoka Joe Kadenge akicheza lini? Walilipokea jina hilo kwa baba zao, nao baba zao walilisikia redioni. Kadenge alipofariki mwezi Julai 2019, walihuzunika hata watu ambao hawakuwahi kumwona akigusa mpira, wala hakuna aliyewacheka. Isukuti ile ile inayopigwa matangani ndiyo mashabiki wa AFC Leopards huingia nayo uwanjani, kwa hiyo katika nchi yetu soka na msiba vimekuwa majirani wa siku nyingi.

Jambo hilo halikuwa tofauti sana Marekani. Siku mbili baada ya kifo cha Mays, Giants walicheza na St. Louis Cardinals katika uwanja wa kale wa Rickwood Field, Birmingham, Alabama, ambako alichezea Black Barons, timu ya watu weusi, mwaka 1948 akiwa bado kijana mdogo. Mechi hiyo ilikuwa imepangwa tangu awali ili kumtukuza yeye pamoja na wachezaji wa ligi za weusi. Ikageuka kuwa matanga yenye shangwe, na nadhani wewe ungeyaelewa upesi kuliko wengi.

Kwa hiyo mpigie, na usianze na habari za mvua wala shamba. Kiri kwamba ulicheka na kwamba kicheko hicho hakikufaa. Kisha umuulize ni nani aliyemsimulia habari za Mays kwa mara ya kwanza. Ninashuku kuwa kuna mtu: mgonjwa mzee aliyemhudumia, jirani, au mwenzake wa kazini aliyemchukua uwanjani alipokuwa bado mgeni. Msikilize hadi amalize, ndipo nawe umsimulie habari za Kadenge jinsi ulivyosimuliwa. Usipige jioni, kwa kuwa wakati huo kwake bado ni asubuhi na huenda yuko kazini. Piga saa moja asubuhi; kwake itakuwa usiku wa kuamkia siku hiyo, na kama amefanya zamu ya mchana atakuwa ameketi.