Funika kombe mwanaharamu apite: ni kombe gani hilo?

SWALI: Jambo linapofichwa, husikia watu wakisema "tufunike kombe mwanaharamu apite". Je, kombe hilo ni lile wanalopewa washindi? Na msemo huu unafaa kwa kila aina ya kuficha?

JIBU: Kombe hapa ni chombo kipana cha kupakulia chakula. Udogo wake ndio uliotupa neno kikombe. Kombe la washindi ni neno hilohilo, na kwa kuwa siku hizi ndilo linalotajwa zaidi, picha ya msemo inawapotea wengi. Wengine hukumbuka kombe la dawa, yaani aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Lakini hilo huoshwa na kunywewa. Kinachofunikwa asikione mpita njia ni chakula.

Mwanaharamu, kwa maana ya asili, ni mtoto wa nje ya ndoa. Katika msemo ni mtu yeyote mwenye nia mbaya, au asiyestahili kujua ya ndani. Chakula kimeshapakuliwa, mtu huyo anatokea, kombe linafunikwa. Haoni kitu, anakwenda zake. Kisha kombe linafunuliwa.

Uzito wote uko kwenye "apite", yaani "ili apite". Kuficha huku ni kwa muda, na kuna mtu au balaa linalosubiriwa liondoke. Ndugu wanaogombana wakinyamaza mgeni anapoingia, wamefunika kombe. Hata anayemeza neno ili ugomvi usiwake, naye amefunika kombe. Lakini karani anayeficha wizi miaka 10 hakufunika kombe: hapo hakuna anayesubiriwa apite. Sema tu ameficha uovu.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika maandishi ni la kisarufi. Kitenzi cha kwanza hubadilika kwa nafsi na wakati: nifunike, walifunika, tumefunika. "Apite" haibadiliki. Andika "walifunika kombe mwanaharamu apite". Ukiandika "mwanaharamu alipita", umeacha kueleza kusudi, unasimulia tukio. Wapo pia wanaoandika "funika kombo". Kombo ni upogo, na makombo ni mabaki ya chakula. Yote mawili hayamo humu.

Tena, mwanaharamu ni tusi zito. Mbele ya anayeweza kudhani analengwa yeye, ishia kwenye "tufunike kombe". Msikilizaji ataumalizia moyoni.