Usioshe Filta ya Tangi la Samaki kwa Maji ya Bomba

Samaki wangu watatu wa kwanza wa baharini walikufa ndani ya maji maangavu kabisa. Tangi lilikuwa la lita 200, lina miezi minne. Sponji ya filta ilikuwa imejaa tope la kahawia, nikaifikicha chini ya bomba mpaka ikatakata, nikaosha na vipande vyote vya seramiki. Kesho yake jioni samaki walikuwa juu ya maji, wakihema mbiombio. Hawakumaliza siku ya pili.

Nilichokuwa sijaelewa ni kwamba lile tope ndilo lililokuwa likiwaweka hai. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Kuna bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia isipozidi. Wote hao hukaa kwenye sponji, seramiki na mawe. Klorini ya maji ya bomba imewekwa kuua vijidudu, nami niliwaogesha nayo! Kwenye maji ya chumvi kosa hili ni zito zaidi, maana pH ya bahari (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) iko juu, kwenye 8.2 hivi, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa kali.

Siku hizi nasuuza sponji kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini, tena nusu tu. Nusu nyingine wiki mbili baadaye. Seramiki siigusi ovyo. Tangi jipya nalisubiri wiki nne hadi sita, napima, na samaki haingii mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Usiyaamini macho yako hapa, nunua vipimo.

Sisi wa Dar es Salaam tuna bahati ya bahari, lakini chota maji wakati yamejaa, mbali na midomo ya mito. Mvua kubwa zikinyesha, Mto Msimbazi humwaga uchafu wa jiji zima baharini, kwa hiyo masika mimi natumia chumvi ya dukani. Kila wiki nabadilisha asilimia 10 ya maji. Yakipungua kwa joto, ongeza maji yasiyo na chumvi wala klorini, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke. Lenga uzito wa 1.025 kwenye haidromita, kile kifaa cha kupima chumvi ya maji.

Umeme nao. Ukikatika kwa saa kadhaa, bakteria ndani ya filta iliyofungwa hukosa oksijeni na kuanza kufa. Usiiwashe tu umeme unaporudi, itasukuma maji yaliyooza tangini. Ifungue, mwaga maji yake, isuuze kwa maji ya tangi, ndipo uiwashe. Wakati wa giza samaki wenyewe wanahitaji hewa: pampu yangu ndogo ya betri iko juu ya tangi, na betri zake nazijaribu kila mwisho wa mwezi.